Nyumba "ipo barabarani kabisa": kabla hujalipa kodi ya miezi sita, pitia hapa

Bwana Afya (mtoa uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Matangazo ya madalali yanafanana: vyumba viwili, sebule, choo ndani, maji yapo, luku yako mwenyewe, halafu linakuja lile linalopandisha bei, "ipo barabarani kabisa". Mpangaji anapiga hesabu ya boda na usalama wa usiku, anaona kapata. Anaoneshwa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, anaambiwa hiki ndicho cha watoto, kina hewa.

Mimi nimestaafu kazi ya ubwana afya na naishi kando ya Barabara ya Mandela, upande wa Buguruni kwenda Tabata. Anayeijua Mandela anajua inabeba nini: malori yanatoka bandarini, yanapanda hadi Ubungo, yanashika Morogoro kwenda Zambia, Kongo na Rwanda. Mchana na usiku. Kwa hiyo nataka tuongee kuhusu hiyo "hewa" ya chumba cha mbele.

Anza na kitambaa cheupe kilicholowa. Futa wavu wa mbu wa dirisha la barabarani, kisha kwa kitambaa kingine futa wa dirisha la uani. Vumbi la kawaida hutoka jekundu au la kijivu, ukisuuza linaondoka. Masizi ya dizeli hutoka meusi tititi, yana mafuta, yanaganda kwenye vidole na maji matupu hayayatoi, mpaka sabuni. Sasa hayo ni yale makubwa yaliyonaswa na wavu. Yanayotuumiza yamepita.

Wataalamu wanazungumzia chembe za PM2.5, yaani zenye upana usiozidi mikroni 2.5. Unywele wa kichwa una mikroni kama 70. Vumbi kubwa huishia puani na kwenye kamasi. Hizi zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zile ndogo zaidi huvuka kuingia kwenye damu. Ndiyo maana habari ya moshi haiishii kwenye kikohozi na pumu. Kuna shambulio la moyo, kiharusi, na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi moja na tumbaku na asbestosi: vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Na mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango chake cha PM2.5 kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo hadi 5. Kwa mji wenye malori na mkaa, 5 ni mbali sana.

Habari njema ni kwamba umbali unasaidia kuliko watu wanavyodhani. Moshi wa barabara ni mzito sana kwenye mita mia na kitu za kwanza, halafu unapungua haraka. Ripoti ya Health Effects Institute ya Marekani ya mwaka 2010 iliweka eneo linaloathirika zaidi kuwa mita 300 hadi 500 kutoka barabara kubwa. Kwa hiyo nyumba ya mtaa wa tatu nyuma, ambayo dalali anakuonesha kwa unyonge, inaweza kuwa na hewa tofauti kabisa na ile ya mbele anayoisifia.

Lakini saa nazo zina mchango. Tumelelewa kufungua madirisha alfajiri, "hewa ya asubuhi". Kwa nyumba ya barabarani hiyo ndiyo saa mbaya. Ardhi imepoa usiku, hewa ya chini imetulia tuli, moshi haupandi, na foleni imeshaanza. Watafiti walipima pembeni mwa barabara kuu huko Los Angeles wakakuta kwamba kabla ya jua kuchomoza moshi unatambaa zaidi ya kilomita moja kuelekea upepo unakokwenda, wakati mchana unaishia mita mia chache. Hapa Dar fungua kuanzia adhuhuri, upepo wa bahari ukishaingia.

Karibuni.

Dereva wa Semi

Mkuu, heshima kwako, ila msitubebeshe sisi kila kitu. Mimi sisimami Mandela kwa kupenda. Naambiwa nikae kwenye foleni ya bandari, nikizima injini magari ya mbele yanasogea, nyuma wananipigia honi, nikiwasha tena ndiyo inatema. Afadhali sasa Tazara ina daraja la juu la Mfugale tangu 2018 na Ubungo ina la Kijazi tangu 2021, zamani pale ulikuwa unaweza kumaliza chapati na chai.

Halafu gari likitoa moshi mweusi, tajiri anajua. Nozeli zimechoka, pampu haijakaguliwa, chujio la hewa limeziba. Ukimwambia anasema "linatembea halitembei?" Linatembea. Basi.

Fundi Ekzosi

Dereva kasema kweli, ila na sisi mafundi tuna yetu. Watu wanakuja gereji na Toyota kutoka Japani, masega yapo mazima kwenye ekzosi. Wanatolewa masega, wanauziwa wazo kwamba gari litakuwa jepesi. Yale masega yana platinamu na paladiamu ndani, ndiyo maana kuna wanunuzi. Kazi yake ni kugeuza gesi mbaya za petroli kabla hazijatoka nje. Ukishayatoa, gari dogo linatema kila kitu kibichi. Kipande cha bomba kinachomelewa badala yake, na mwenye gari anaondoka amefurahi kapewa pesa kidogo.

Kwenye dizeli mpya ni kile kichujio cha masizi. Kinaziba kwa sababu gari linakwenda safari fupi fupi za mjini, taa inawaka kwenye dashibodi, fundi anakitoboa. Taa imezimwa, masizi yamehamia kwa Bwana Afya.

Upande wa mafuta tumesogea, tuseme ukweli. Petroli yenye risasi ilikwisha huku kwetu kusini mwa Sahara kufikia 2006. Na tangu 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango cha dizeli kisichozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Mafuta yameboreshwa, magari yanayoyachoma ndiyo tunayaharibu wenyewe.

Mzaramo Asilia

Wazungu wanatutisha tu. Bibi yangu kapikia kuni mpaka kafa na miaka tisini na kitu. Mnataka tuishi hospitali?

Nesi wa Zamani

Mzaramo, bibi yako Mungu amrehemu, ila unamhesabu aliyefika tisini. Wale wajukuu waliokwenda na nimonia kabla hawajafika miaka mitano hakuna anayewataja kwenye stori. WHO inakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani, zaidi ya 237,000 wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi. Mtoto anayeletwa usiku kifua kikiwa kinaingia ndani kila anapovuta pumzi, mama yake ananukia jiko.

Na bibi yako alipikia wapi? Jiko la kijijini limekaa peke yake uani, makuti juu, moshi unapenya kila upande. Leo watu tunapika kwenye korido ya nyumba ya kupanga, bati chini, mlango mmoja.

Bwana Afya, umesema vizuri kuhusu barabara, lakini ukiishia hapo utawaponza watu. Mtu atasoma uzi huu, atafunga madirisha yote ya mbele, halafu atawasha jiko la mkaa ndani kwa sababu mvua inanyesha. Hapo kajiongezea. Mkaa uliokolea hauna moshi wala harufu, watu wanauamini, kumbe ndipo unapotoa kaboni monoksaidi. Ile gesi inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kila msimu wa baridi tunasikia Njombe, Mbeya, Arusha, familia wameingiza jiko chumbani wapate joto, asubuhi mlango unavunjwa.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza toa chanzo kilichomo ndani, ndipo ufikirie kufunga dirisha. Ukianza na dirisha umejifungia na adui.

Na chanzo cha ndani si jiko peke yake. Ile dawa ya mbu ya kuzungusha, koili: watafiti waliipima mwaka 2003 wakakuta koili moja inatoa PM2.5 sawa na sigara 75 hadi 137. Watu wanaiwasha chini ya kitanda cha mtoto, madirisha yamefungwa, wanaondoka wakijisifu. Chandarua kipo. Udi na ubani pia, najua nitapigwa mawe na wa Pwani wenzangu. Fukiza, tena fukiza unavyotaka, ila mchana, mlango wazi, na mgonjwa wa pumu awe ametoka.

Bwana Afya

Nesi, shukrani, umenipa sehemu niliyoiacha ikining'inia. Nyumba ya barabarani ina moshi wa aina mbili na dawa ya mmoja inaweza kuwa sumu ya mwingine. Tusivitenganishe.

Niongeze moja. Wengi hamkumbuki ilivyokuwa enzi za uchakachuaji, mafuta ya taa yanachanganywa kwenye dizeli kwa sababu yalikuwa bei chee. Mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua iishe. Barabarani ilisaidia. Lakini mama aliyekuwa anapikia jiko la mchina akajikuta mafuta ya taa hayashikiki, akarudi kwenye mkaa. Tulitibu bomba la lori tukaumiza jikoni. Hiyo ndiyo hatari ya kutazama upande mmoja, na sisemi hivyo kuilaumu hatua yenyewe, ilikuwa lazima.

Mama Pili wa Ubungo

Naomba kuuliza. Mimi nauza chakula kituoni, moshi wa jiko huku na wa daladala kule. Wenzangu wananiambia ninywe maziwa jioni yanasafisha kifua. Nanunua kila siku. Pia nimewekewa mmea wa mshubiri ndani, nimeambiwa unavuta sumu.

Nesi wa Zamani

Mama Pili, pole na kazi. Maziwa yanapita njia ya tumboni, moshi umekwenda njia ya mapafu, hawakutani. Kunywa kwa afya yako na watoto, ni chakula kizuri, ila usiyahesabu kuwa dawa ya moshi. Mafundi rangi nao wana imani hiyohiyo.

Mimea nayo ilitokana na jaribio la NASA la 1989, mimea ikiwa imefungiwa kwenye kisanduku kisichopitisha hewa. Waliokuja kupiga hesabu ya nyumba halisi mwaka 2019 wakaona ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili ifanye kazi ambayo hewa ya dirishani inaifanya. Mshubiri wako uache, ni mzuri kwa ngozi ukiungua jikoni.

Kitakachokusaidia kweli ni pale unapokaa na jiko. Jiko liwe upande upepo unakoelekea, wewe ukae upande unakotokea. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi. Ile ya N95 inazuia ikibana uso vizuri, ingawa kwa joto la Ubungo najua hutaivaa siku nzima. Ivae ukiwasha jiko, hapo ndipo pabaya zaidi.

Mbongo wa Lewisham

Wakuu, salamu kutoka London kusini. Mada hii huku ina jina la mtoto. Ella Adoo-Kissi-Debrah, miaka 9, alifariki Februari 2013 kwa pumu kali. Nyumba yao ilikuwa Lewisham, hatua chache kutoka South Circular, barabara inayojaa magari kutwa. Uchunguzi wa kwanza wa 2014 haukutaja hewa kabisa. Mama yake, Rosamund, hakukubali, akapigana mpaka ukafunguliwa mwingine, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo Philip Barlow akaamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo kile. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hii.

Kilichonigusa kwenye uamuzi ule ni pale aliposema mama hakupewa taarifa ambazo zingemwezesha kuchukua hatua. Yule mama alisema angejua, angehama. Nchi tajiri, vipimo vipo mtaani, na bado mwenye mtoto hakuambiwa. Sasa jiulize mpangaji wa Buguruni.

Boda Kampala

Nasi Kampala tuko humo humo, Jinja Road jioni hupumui. Ila kuna kitu cha kujivunia: Makerere walianzisha AirQo mwaka 2015, wanatengeneza vipimo vya bei nafuu vinavyovumilia vumbi na umeme wa kukatika, na vingine wamevifunga kwenye bodaboda vikapima njiani. Ninyi Dar mkivitandaza kwa wingi mabishano ya "mnatutisha" yatapungua, kila mtu ataangalia namba ya mtaa wake kwenye simu.

Mzee Mwenye Nyumba

Wajukuu, mnaongea kama sisi wenye nyumba tuna roho mbaya. Nilijenga hapa Tabata magari yakiwa ya kuhesabu. Sasa nikivunja dirisha la mbele nitakodisha kwa nani?

Bwana Afya

Shikamoo mzee. Hakuna anayekulaumu. Na wala usivunje, kuna njia inayokuingizia zaidi. Geuza vyumba vya mbele viwe fremu za biashara, vyumba vya kulala vibaki uani. Fremu ya barabarani ina kodi nzuri, mchana watu wanaingia na kutoka, usiku inafungwa. Anayelala analala nyuma, ukuta wa fremu ukimkinga. Kama uani pana nafasi, jiko la pamoja lijengwe pembeni na bomba la moshi lipande kupita kimo cha paa la jirani, lisiishie chini ya paa lako.

Ukuta wa uzio unasaidia kidogo kwa mtu wa nyuma yake. Miti inasaidia ikiwa imeshona kuanzia chini hadi juu, kama uzio wa michongoma uliopandwa mistari miwili mitatu na kuachwa urefuke. Mwashoki mmoja mmoja kila baada ya hatua kumi ni pambo tu, moshi unapita katikati.

Mzee Mwenye Nyumba

Marahaba. La fremu nimelielewa. La michongoma watu wa barabara watakuja kuikata, lakini nimelielewa.

Kijana wa Riverside

Mkuu, mimi nimeshalipa miezi sita, dirisha linatazama barabara, kuhama siwezi. Nina AC ya ukutani na feni ya kutolea hewa chooni. Inatosha?

Bwana Afya

AC ya ukutani haivuti hewa ya nje, inazungusha ileile ya ndani. Faida yake ni kwamba unaweza kufunga dirisha saa za foleni bila kuungua na joto. Ule wavu wake unanasa vumbi na nywele, masizi madogo unayapitisha, ila uoshe maana ukiziba unazalisha mengine.

Feni ya chooni angalia sana. Inatoa hewa nje, sawa, lakini hewa ikitoka lazima nyingine iingie. Kama dirisha lililo wazi ni la barabarani, feni hiyo inakuvutia moshi wa Mandela kwa bidii. Ikiwaka, funga la mbele na uache la uani au mlango wa korido.

Ukiwa na uwezo, mashine ya kusafisha hewa yenye chujio la HEPA inafanya kazi kweli. Chujio hilo hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Weka chumba unacholala tu, mlango umefungwa. Ikiandikwa inatoa ozoni, iache dukani, ozoni yenyewe inachoma mapafu. Hamisha kitanda kiende ukuta wa mbali na dirisha. Sakafu piga deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, ufagio unarusha hewani kilichokuwa kimetulia. Viatu mlangoni.

Mpishi wa Sinza

Na gesi je? Kuna wanaosema nayo si salama.

Nesi wa Zamani

Gesi nayo inatoa nitrojeni dioksaidi, kwa hiyo dirisha la jikoni liwe wazi ukipika. Lakini masizi yake ukilinganisha na mkaa hayafiki hata karibu. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wameingia ifikapo 2034. Tatizo linalobaki ni mtungi kujazwa kwa mkupuo wakati mkaa unanunuliwa kwa kopo. Ndiyo maana nyumba nyingi zina vyote viwili: gesi ya chai, mkaa wa maharage. Hayo maharage ndiyo yanayokaa motoni masaa matatu. Presha kuka ya umeme inayaivisha kwa chini ya uniti moja, jumlisha mwenyewe na bei ya kopo la mkaa mtaani kwako.

Mpishi wa Sinza

Mimi nimeshahamia gesi dada, shida ni jirani. Anawasha jiko lake uani chini ya dirisha langu, na ndilo dirisha mnaloniambia nifungue.

Nesi wa Zamani

Hapo moshi mwingi ni wa kuwashia, kabla mkaa haujashika, hasa akitumia mifuko ya plastiki. Nenda kwake wakati hapiki, na mkungu wa ndizi mkononi ikibidi, muombe awashie kule kona ya karo, likishakolea ndiyo alisogeze anapokaa. Na plastiki umkataze kabisa, umpe karatasi au vipande vya mbao. Akigoma, mpelekee mwenye nyumba kabla hamjaanza kununiana.

Mpishi wa Sinza

Mwenye nyumba ndiye jirani mwenyewe.

Nesi wa Zamani

Basi ndizi ziwe mikungu miwili.